Mashine ya Kubandika Bei

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na bunduki.
Si ya risasi, ya vibandiko:
mashine ya plastiki yenye mdomo wa bata,
tak, tak, tak, mgongoni mwa kila mkebe
katika duka la Bwana Ovidio Bruzzone
mjini Rosario, majira ya baridi,
mwaka wa themanini na tisa.

Saa tatu asubuhi unga una bei yake.
Saa tano simu inalia ofisini
na Bwana Ovidio anatoka na kipaza sauti
kama kasisi asiyeamini mahubiri yake:
"Wateja wapendwa, kuanzia sasa
kila kilichomo rafuni kimepanda asilimia thelathini."
Wateja wapendwa wanatimua mbio,
mimi nyuma yao na bunduki.
Mkono unaotangulia kuifikia chupa ya mafuta
ndio unaoamua bei.

Nélida hakukimbia.
Alishona sare za shule, vidole vimetobokatoboka,
na kidole gumba kilikuwa na ukucha mmoja mrefu.
Kwa ukucha huo alibandua vibandiko vyangu, taratibu,
kama amenyaye kitunguu:
chini ya leo, jana,
chini ya jana, juzi,
chini ya juzi, bati tupu linang'aa.
"Tazama, kijana. Dengu ni zile zile,
hazikuongezeka hata punje.
Ni sisi tuliopungua."

Mama alinilea kwa msemo: akiba haiozi.
Juu ya kabati alikuwa na kopo la biskuti,
noti zimefungwa utepe, za kununulia jokofu.
Kila mwezi akiongeza, kila mwezi
jokofu likigeuka kuwa jiko,
jiko likawa pasi,
na siku tuliyolifungua kopo mikono ikitetemeka
zilitosha balbu mbili na nauli ya kurudi.
Haiozi? Nimeinusa mimi.
Inanuka karatasi na biskuti za zamani.

Na haba na haba hujaza kibaba
kilichotulia.
Chetu kilikuwa kikipanuka usiku.

Ijumaa moja nilimkuta Nélida
kwenye ua wa muuza matofali, kando ya reli.
Alikuwa amelipwa saa sita. Saa sita na nusu
kilichobaki baada ya mkate na kodi
kilikuwa matofali arobaini na moja.
Aligonga kila moja kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio,
lililolia vibaya akalirudisha.
"Unajenga?"
"Wapi? Sina kiwanja."
Akacheka, mvuke ukamtoka kinywani.
"Lakini tofali la leo, kesho ni tofali."

Usiku ule nilichukua daftari.
Sikuandika bei, bei zilikuwa kazi ya mchana.
Niliandika: mayai dazeni tatu, sabuni vipande vinne,
nusu mtungi wa gesi, tiketi za basi arobaini,
mchango wa mazishi ya mjomba Hermes.
Huo ndio uliokuwa mshahara wangu, umevuliwa nguo.
Nikaukodolea macho mpaka chai ikapoa.
Tiketi kumi zingeweza kuwa miguu yangu.
Mjomba sikumfuta.

Nyumba ya Nélida sikuiona ikisimama.
Matofali yalijaa ukumbini, chini ya kitanda,
jirani wa chini akilalamikia dari.
Kisha jino la bintiye likavimba,
na daktari wa meno hakutaka noti:
alikuwa anajenga choo.
Tofali thelathini, jino likang'oka.
Alinisimulia akiwa amesimama mbele ya dengu,
ukucha kazini,
kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nina kibandiko kimoja hadi leo.
Kiliganda nyuma ya saa yangu ya mkononi
siku nisiyoikumbuka.
Tarakimu zimefutika.
Hata kitu chenyewe sikijui,
sukari, au mishumaa.